Visanduku 16 vya Ushairi

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, ile 102/3, ina alama 80 na muda wa saa mbili na nusu. Mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. La kwanza ni la lazima. Matatu yaliyobaki anachagua mwenyewe, mradi asichukue mawili katika sehemu moja. Riwaya, tamthilia na hadithi fupi amekaa nazo darasani muda mrefu hadi wahusika wamekuwa kama majirani zake. Shairi halijui. Analikuta pale pale kwenye karatasi, na mwaka ambao si la lazima, wengi hulipita wakaenda kujaribu bahati kwingine.

Tanzania hali imekuwa tofauti kidogo. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kidato cha Nne amesoma diwani zilizoteuliwa, Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib au Malenga Wapya kwa mfano, kwa hiyo mashairi yenyewe anaweza kuyapitia kabla ya siku ya mtihani. Wa Kenya hana diwani ya kuishika. Anachoweza kukiandaa ni namna ya kusoma tu.

Ndiyo maana zana za kufundishia ushairi zinapaswa kuwa bora kuliko za sehemu nyingine, na kwa maoni yangu ndizo duni zaidi. Vitabu teule vina miongozo tele, mingine mizuri. Ushairi una vitu viwili. Cha kwanza ni muhtasari wa istilahi: inkisari ni kufupisha neno, mazida ni kulirefusha, tabdila ni kubadilisha sauti ya neno bila kugusa idadi ya mizani, kuboronga sarufi ni kupangua mpangilio wa maneno. Cha pili ni mashairi ya mitihani iliyopita, ambayo majibu yake yamezagaa hivi kwamba darasa zima linajua kilichomo kabla ya kusoma ubeti wa kwanza. Muhtasari humfanya mwanafunzi awe mwindaji: ana orodha mkononi, na asipoiona mazida ataibuni. Shairi la zamani humfanya awe mkariri. Wote wawili hawajapata kuona uhuru wa mshairi ukizaliwa, yaani ile nukta ambapo neno zima halikuenea ikabidi likatwe.

Karatasi ninayotaka kuichambua niliiandaa kwa ajili ya nukta hiyo. Ni nusu ya A4, ili nakala mbili zitoke katika ukurasa mmoja. Juu kuna aya fupi ya nathari, katikati kuna safu nne za visanduku 16, na baada ya kisanduku cha nane katika kila safu pana mstari mnene. Kila kisanduku ni silabi moja; mstari mnene ndio utengano wa ukwapi na utao. Kisanduku cha nane cha kila safu kimeandikwa "ka" tayari, na cha mwisho "ni". Basi. Kazi ya darasa ni kuimimina nathari ndani ya visanduku bila kubaki na kisanduku kitupu wala silabi iliyokosa makao.

Nathari yenyewe ni hii: Daraja la kijiji chetu limevunjika. Mto umefurika, na watoto hawaendi shuleni. Wakuu wa serikalini waliandika ahadi. Tumeshachoka kungoja, tutavuka siku gani?

Aya hiyo haikuandikwa ovyo. Kila sentensi imetegwa. Ya kwanza ni rahisi makusudi: "Daraja limevunjika" ni silabi nane kamili na inaishia kwa "ka". Hakuna cha kukata wala cha kuongeza. Hata hivyo katika kila darasa hutokea kundi linaloandika "Daraja lilovunjika". Wamelikata "lililovunjika" kwa sababu wamefundishwa kwamba mshairi hukata maneno. Inaenea, ndiyo, lakini sentensi imebaki bila kitenzi kikuu: daraja lililovunjika, halafu? Kosa hilo linafaa kuliko maelezo ya nusu saa, kwa kuwa hapo ndipo wanapogundua kwamba uhuru wa mshairi hutumiwa kukiwa na shida. Mshairi ambaye neno limemwenea haligusi.

Upande wa pili wa safu hiyo unafundisha kina. "Katika kijiji chetu" ni silabi nane, lakini inaishia kwa "tu", na kisanduku cha mwisho kimeshakaliwa na "ni". Hivyo wanalazimika kuingiza kiambishi cha mahali, na baada ya kubishana wanafika "kwetu huku kijijini". Hapa mizani haikuwa na tatizo lolote. Aliyeshurutisha ni kina. Tofauti hiyo ina thamani mtihanini. Anayeulizwa sababu ya mshairi kutumia uhuru wake akajibu "kutosheleza mizani" kila mara, kama kasuku, hupoteza alama mahali ambapo jibu lilikuwa urari wa vina.

Safu ya pili ndiyo tamu. "Mto umefurika" ni silabi saba. Kwanza wengi hupata sita, kwa kuwa "mto" wameipa kisanduku kimoja. Hilo halitibiwi kwa maelezo. Wape "mto" na "mbali" wazitamke huku wakipiga makofi. M ya "mto" inasimama peke yake na inadai kisanduku chake, m ya "mbali" imeungana na b ikawa silabi moja na irabu yake. "Nchi" nayo ina visanduku viwili. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu herufi kwa macho huyumba hapa, na ni afadhali ayumbe sasa.

Wakishakubaliana kuwa ni saba, wanatafuta ya nane. Wakiongeza "nao", "Mto nao umefurika", zinakuwa tisa. Wanaikata u ya mwanzo: "Mto nao 'mefurika". Nane. Inkisari imezaliwa mbele ya macho yao, na kiritifaa kimesimama mahali u ilipokuwa. Lakini hakosekani mjanja wa kuandika "Na mto umefurika", silabi nane safi, hakuna kilichokatwa. Karatasi imeacha nafasi pembeni ya kuandika mishororo yote miwili, kwa maana mjadala unaofuata ndio niliokuwa nikiutafuta. Ikiwa "na" inatosha, ya nini inkisari? Jibu liko katika "nao": linaufunga mto na daraja pamoja, kwamba hili limevunjika na ule nao haukusubiri. Mshairi amelipa silabi moja ili apate neno hilo. Mwongozo wa kusahihisha utaridhika na "kutosheleza mizani", na mwanafunzi aandike hivyo apate alama yake. Ila akijua pia hilo la pili, atajibu vizuri zaidi swali la dhamira au la toni.

Utao wa safu hiyo una mkato mwingine. "Watoto hawaendi shuleni" ni silabi kumi. "Wana" badala ya "watoto" huokoa moja, "hawendi" badala ya "hawaendi" huokoa nyingine, na "wana hawendi shuleni" inakaa sawasawa. Mmoja atauliza kwa nini asiandike "wana hawaendi shule", ambayo pia ni nane. Asome kisanduku cha mwisho.

Safu ya tatu ni ya kuboronga sarufi. "Wakuu wa serikalini waliandika ahadi" haikubali kwa namna yoyote ikiwa katika mpangilio wake: nusu ya kwanza ina silabi tisa na kuishia kwa "ni", ya pili inaishia kwa "di". Ukiigeuza, ahadi ikatangulia na watendaji wakaja nyuma, "Ahadi waliandika" inapata nane na "ka" yake, na "wakuu wa serikalini" inapata "ni" lakini ina silabi moja ya ziada. "Wa" inaondoka. Wanafunzi huhisi kwamba wameiba, na ni kweli wameiba, na huo ndio uhuru wenyewe. Ubeti mzima unasomeka hivi:

Daraja limevunjika, kwetu huku kijijini,
Mto nao 'mefurika, wana hawendi shuleni,
Ahadi waliandika, wakuu serikalini,
Kungoja tumeshachoka, tutavuka siku gani?

Hamna mazida humo, na swali la kwanza chini ya karatasi linauliza hivyo hivyo: ni uhuru gani wa mshairi ambao haukutumika, na kwa nini haukuhitajika? Sijawahi kuona swali la namna hiyo katika mtihani wa taifa, na sidhani litakuja. Limewekwa ili kuivunja ile tabia ya uwindaji. Aliyekwisha kueleza kwa nini kitu hakipo hatakibuni tena kukipata.

Swali la pili ni la alama nne, na kila mwalimu wa Kidato cha Nne analijua: andika ubeti huu katika lugha nathari. Ni swali linaloonekana la bure na linalowaangusha wengi. Mtahiniwa huchukua mishororo, akaondoa koma, akaiandika kwa mfululizo, akidhani amemaliza. Ameacha "hawendi" kama ilivyo, ameacha "ahadi waliandika wakuu serikalini" imepinduka, na mwongozo wa kusahihisha, ambao mara nyingi hutafuta hoja moja katika kila mshororo, hauoni nathari bali shairi lililolazwa chali. Katika karatasi hii aya ya juu hufunikwa kabla ya kujibu. Mwanafunzi anarudi njia aliyojia mwenyewe: kilichokatwa anakirudisha, kilichopinduliwa anakisimamisha, "wa" iliyoibwa anaitia mahali pake. Akimaliza anafunua na kulinganisha. Sioni njia ya haraka zaidi ya kulifundisha swali hilo, na haihitaji shairi la mtu mwingine lenye majibu yaliyozagaa.

La tatu ni umbo, nalo lina kasoro niliyoijua tangu mwanzo. Ubeti mmoja unatosha kwa tarbia, vina, mizani, vipande na majina ya mishororo: mwanzo, mloto, mleo. Hautoshi kwa bahari zinazotokana na mpangilio wa vina ubeti hadi ubeti. Mtiririko, ukara na ukaraguni haviwezi kuonekana mpaka ubeti wa pili uwepo. Kwa hiyo visanduku vya "ka" na "ni" huachwa wazi katika nakala ya kipindi kinachofuata. Kundi moja linabaki na vina vile vile, jingine linabadilisha kina kimoja, la tatu linabadilisha vyote, kisha beti zinabandikwa ukutani pamoja na ule wa daraja. Mshororo wa nne pia unajieleza hapo: ukirudiwa katika kila ubeti ni kibwagizo, ukibadilika ni kiishio. Makundi huuchagua wenyewe, na wengi huurudia, pengine kwa uvivu, lakini istilahi haitawatoka.

Sheria hizi za vina na mizani Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka kitabuni mwaka 1954, na bado zinasikika katika maswali ya umbo. Kuna upande zisikofika. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ushairi usiofuata arudhi ulipata diwani ya kuutetea, na ubishi wa miaka ile ulikuwa mkali. Leo shairi huru si mgeni katika mtihani, na visanduku vyangu haviwezi lolote mbele yake. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu nane nane atahesabu mistari mishata akidhani imekosewa.

Kwa hiyo ipo karatasi ya pili, ya ukubwa ule ule, yenye aya ile ile ya daraja na nafasi nyeupe chini yake. Hakuna visanduku wala vina. Kila kundi hupewa mkasi, likaikata nathari katika vipande na kuvibandika kama mistari, mrefu kwa mfupi, kisha hueleza kila mkato: kwa nini "mto" umeachwa peke yake katika mstari, kwa nini "tutavuka" imetengwa na "siku gani". Asiyeweza kueleza mkato wake anaubandua na kuanza upya. Gundi isiwe ile inayokauka haraka.