Kesi ya Shamba Saboti: Nani Lazima Awe Mahakamani?

Mashamba mengi ya Trans Nzoia, kaunti ya Kenya ilimo Saboti, yalikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa 1963 yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wanahisa, kisha yakakatwa vipande, kila mwanahisa akangoja hatimiliki yake. Wapo waliofariki wakingoja. Wengine waliuza kwa makubaliano ya karatasi, na mnunuzi naye akamuuzia mwingine. Ndiyo maana kesi ya ekari mbili Saboti hubeba watu wengi kuliko wale wawili wanaozozana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee alinunua ekari mbili, akafariki kabla ya hatimiliki. Kifungua mimba wake akajiandikisha peke yake, akauza, na mnunuzi akajenga. Binti wa marehemu anataka shamba lirudi. Amshtaki nani?

Wengi humshtaki kaka, kwa kuwa ndiye aliyewakosea. Lakini kaka hana shamba tena! Jina lililo kwenye rejista ni la mnunuzi, na kifungu cha 80 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinamlinda mnunuzi aliyelipa na anayeikalia ardhi, isipokuwa alijua udanganyifu au aliuchangia. Je, alijua? Mahakama haiwezi kulijibu swali hilo bila kumsikiliza mwenyewe. Huko Tanzania mahakama iliamua wazi mwaka 1983: anayedai ardhi iliyokwisha kuuzwa amshtaki muuzaji pamoja na mnunuzi. Na kwa kuwa rejista ndiyo itakayorekebishwa, msajili wa ardhi naye huunganishwa, Mwanasheria Mkuu akimtetea.

Kipimo cha mhusika wa lazima kinachotajwa mara kwa mara katika mahakama za Kenya kilitoka Uganda, katika kesi ya Jaffer Brothers iliyoripotiwa 1999, kuhusu mali iliyokuwa chini ya bodi ya mali za Waasia waliofukuzwa. Mtu ni wa lazima ikiwa amri inayoombwa itagusa haki zake kisheria na kumwacha nje kutazaa kesi nyingine, au ikiwa mshtakiwa hawezi kujitetea vilivyo bila yeye.

Hapa mawakili wengine hujiliwaza. Kanuni ya 9 ya Agizo la 1 katika Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 inasema kesi haitashindwa kwa sababu tu mhusika ameachwa nje, na kanuni ya 10 inamruhusu hakimu au jaji kumwongeza wakati wowote, hata bila kuombwa. Ni kweli. Ila kanuni hizo huokoa kesi tu. Hazimfungi mtu ambaye hakuitwa. Ukishinda dhidi ya kaka peke yake, mnunuzi atakuja kuomba hukumu itenguliwe, na atakuwa na haki.

Yapo pia makosa yasiyoponyeka kwa kanuni hizo. Ukimshtaki marehemu, hakuna kesi hata kidogo. Binti akishtaki kwa niaba ya mali ya baba bila barua za usimamizi wa mirathi, hana mamlaka. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema hivyo mwaka 1993. Na mshtakiwa akifa kesi ikiendelea, mwaka ukapita bila ombi la kumweka msimamizi wa mirathi yake, Agizo la 24 linaifuta kesi dhidi yake.

Orodha ya wahusika inaanzia kwenye ofisi ya ardhi Kitale. Sachi, yaani upekuzi rasmi wa rejista, hukuonyesha mwenye shamba wa leo. Kadi ya kijani, yaani rejista ya shamba lenyewe, huonyesha waliotangulia, mstari kwa mstari: tarehe, jina, bei, kizuizi kilichowekwa na kilichoondolewa. Kama shamba liligawanywa na chama cha ushirika, itafute na sajili ya wanachama.

Kwa hiyo, msomaji mwenye kesi ya namna hii, omba nakala ya kadi hiyo kabla hujafungua kesi, na kwa kila jina lililomo muulize wakili wako: huyu amri yetu itamgusa? Akijibu ndiyo, jina hilo liingie kwenye hati ya madai siku ya kwanza.