Pumzi Hamsini kwa Dakika

Kliniki ya watoto nchini Tanzania huanzia kwenye mizani ya kuning'inia. Mtoto huvishwa suruali ya kitambaa, hutundikwa, hulia. Muuguzi husoma uzito upesi na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta zikipanda, huita mwingine. Zikilala, mama huombwa akae kidogo, wazungumze.

Wauguzi hawa wanastahili pongezi, kwanza kwa kuhesabu. Mtoto akiletwa na kikohozi, muuguzi hufunua kifua na kuhesabu pumzi dakika nzima, saa mkononi. Kwa mwenye miezi 3, pumzi 50 ni dalili ya hatari. Kwa kichanga wa wiki 3 hatari huanzia 60, na kwa wa miaka 2 huanzia 40. Ukikosea umri, umekosea ugonjwa. Mtoto akianza kulia, hesabu haifai tena, kwa hiyo muuguzi mzoefu humwacha apakatwe atulie kwanza.

Hofu nayo ina umri wake. Wa miezi 4 humchekea yeyote. Wa miezi 9 humkataa mgeni, basi hupimwa mapajani mwa mama. Wa miaka 4 hudhani sindano ni adhabu, hasa kama nyumbani hutishiwa kuchomwa na daktari (wazazi, acheni hilo!).

Kisha yupo binti anayekaribia ujana. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, humkutanisha na muuguzi, mara nyingi shuleni, naye muuguzi hujibu maswali ya hedhi, ya uzazi na ya uvumi kuhusu chanjo yenyewe.