Chuma cha Mbinguni na Utando wa Buibui

Mwambie kijana wa Tukuyu achonge kiumbe cha dunia nyingine, na mara nyingi atachonga roketi, au mtu aliyevaa kofia ya kioo. Simlaumu. Hadithi za kubuni zitokanazo na sayansi zimemfikia kutoka ng'ambo, kama ile ya Mwingereza H. G. Wells ya mwaka 1898 kuhusu wavamizi wa sayari ya Mirihi. Lakini sisi tunaofundisha hatuna budi kuuliza: je, kijana huyo amewaza, au amenakili tu?

Kutoka Tukuyu, kwa njia ya Mbeya, msafiri hufika Mbozi kilipo kimondo. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Patasi ya binadamu haikulichonga; umbo lake lilitoka angani. Basi kitu cha dunia nyingine si ngeni kwetu. Jirani zetu wamekaa nacho tangu kabla ya taarifa zake kuwafikia wataalamu wa kigeni mwaka 1930.

Tutazame sasa kazi za mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1950, jijini Dar es Salaam, mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa mashetani: viumbe wenye viungo vilivyopindana, wasiofanana na mtu wala mnyama. Ubora wa mtindo huu ni kwamba mchongaji hodari haulazimishi mpingo; huufuata mkunjo wake hadi kiumbe kijitokeze. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatia mashetani hao rangi na kicheko. Hata hivyo, tusifumbe macho. Soko la watalii limezaa nakala nyingi zisizo na roho, na shetani anayerudiwa mara mia hamshangazi mtu tena.

Upande wa sauti, mfano wangu ni ilimba ya Wagogo. Ni sanduku la mti lililochongwa, likapangwa vijiti vya chuma kilichofuliwa. Matundu yake hufunikwa kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Vimo hata vijiti visivyoguswa kwa kidole. Hutetemeka vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ala hiyo katika majukwaa ya nchi nyingi. Hapa uchongaji, uhunzi, buibui na muziki vimekuwa kazi moja. Naiona kuwa bora kuliko sanamu nyingi, kwa kuwa fundi wake alisikiliza kabla ya kuchonga.

Je, Rungwe tuna nini cha kusikiliza? Tuna maji ya Kiwira yapitayo chini ya Daraja la Mungu, jiwe lililoumbwa na moto wa volkano. Tuna kipunji, kima aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005, ingawa jina lake walilipata kwa wenyeji wa mlima huu. Mlio wake ni mbweko wenye mvumo wa honi, na mwaka 2008 walikadiriwa kubaki 1,100 hivi tu. Hakuna kofia ya kioo inayoweza kushinda ajabu hiyo.

Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko alama za mtihani. Msitu ukikatwa, kipunji atanyamaza, na mchongaji wa kesho hatajua amekosa nini. Ninawaomba walimu wenzetu wawapeleke vijana msituni kwanza, wakae kimya, wasikilize. Patasi na ngoma vije baadaye. Asiyesikia sauti ya kwao ataishia kuwa mwangwi wa sauti za wengine.