Kutamalaki na Kumilikiwa: Askari wa Kukodiwa katika Fasihi ya Kiswahili

Jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, ambao J. W. T. Allen aliuhariri na kuutoa katika miaka ya 1950, lastahili kusomwa polepole: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Shina la Kiarabu lililozaa neno hilo la kutamalaki ndilo lililozaa milki, mamlaka, na pia mamluki. Mwenye kutamalaki ni yule aitwaaye nchi ikawa yake; mamluki, kwa asili ya neno, ni yule aliyemilikiwa, mtumwa aliyenunuliwa na kufundishwa vita. Mamluki wa Misri walifika hata kuutwaa usultani wenyewe, wakautawala tangu 1250 hadi 1517. Katika Kiswahili cha leo maana imegeuka. Mtu ambaye zamani hakuwa na haki hata ya nafsi yake, sasa ndiye anayelaumiwa kwa kuiuza nafsi hiyo kwa fedha.

Mgeuko huo si jambo la makamusi tu. Jina la utenzi linataja Wadachi, na msomaji aweza kudhani kwamba walioshuka pwani mwaka 1889 kumpiga Bushiri bin Salim walikuwa Wajerumani. Maofisa walikuwa Wajerumani, ni kweli, lakini waliobeba bunduki walikuwa watu wengine. Bunge la Berlin lilikubali kutoa mark milioni 2, na Hermann von Wissmann akaenda Cairo, akaandika huko Wasudani wapatao 600. Wengi wao walikuwa askari wa jeshi la Misri walioachwa bila kazi baada ya Khartoum kuanguka mikononi mwa watu wa Mahdi mwaka 1885. Wengine aliwachukua Msumbiji, akawaita Wazulu. Kwa sheria jeshi hilo halikuwa la dola ya Ujerumani. Lilikuwa la Wissmann mwenyewe, na mikataba ilikuwa baina yake na watu wake. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Mwezi wa Machi 1891 sheria ikapitishwa Berlin, na jeshi lile lile, kwa watu wale wale, likawa jeshi la Kaizari.

Hapo mhakiki hana budi kusimama. Msudani yule alikuwa mamluki mwezi wa Februari akawa askari mwezi wa Aprili, wala bunduki yake haikubadilika. Kama lugha yetu inamlaani katika hali ya kwanza na kumwachilia katika ya pili, basi inachohukumu ni mhuri wa karatasi. Watu waliopigwa hawakuwa na sababu ya kutofautisha. Katika nchi ya Meru, baada ya wamisionari Ovir na Segebrock kuuawa Akeri mwaka 1896, Kapteni Johannes alikuja na askari wa dola pamoja na mashujaa wa Kichaga, na nchi ikateketezwa. Boma lililojengwa Arusha karibu na mwaka 1900, kwa kazi ya shurti ya Waarusha na Wameru, lingali limesimama, nalo leo ni makumbusho.

Magharibi ya ziwa Nyanza mambo yalikwenda kwa njia iliyo wazi zaidi. Askari wa Kisudani wa Emin Pasha walikuwa wamebaki Kavalli, hawana serikali ya kuwalipa. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua kwa niaba ya kampuni ya biashara, Imperial British East Africa Company. Kampuni iliposhindwa, serikali ya Kiingereza iliwarithi, na mwaka 1897 wakaasi kwa sababu ya ujira mdogo na safari zisizokwisha. Huyu ndiye mwanajeshi aliyeachwa akaajiriwa na kampuni, katika sura yake ya kwanza Afrika Mashariki. Tangu 2005 maelfu ya Waganda, wengi wao wakiwa wametoka jeshini, walikwenda Iraki kulinda kambi za Wamarekani kwa mikataba ya makampuni, na ujira wao ukashuka kadiri makampuni yalivyoshindana kwa bei.

Je, fasihi imemwonaje mtu huyu? Kwa kweli haijamwona. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert unatangaza mipaka yake tangu jina: 1939 hata 1945. Vita vikiisha, kalamu huwekwa chini, na askari hurudi mahali ambapo mshairi hamfuati. Katika riwaya za Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, Willy Gamba ana ujuzi wote wa kuua, lakini ni mtumishi wa serikali, na hilo linamtakasa. Msomaji haulizwi Willy atakula nini siku atakapostaafu. Udhaifu huu si wa Musiba peke yake. Ni wa zama zilizoandika hivyo kwa haki. Bara lililoshuhudia kina Hoare na Denard, Kongo na Komoro, lilihitaji neno kali, na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1977 dhidi ya mamluki ulilipa neno hilo nguvu ya sheria. Lakini neno lililotengenezwa kwa ajili ya Denard halimtoshi sajini mstaafu.

Anayeshika barabara ya Nairobi kutoka mjini Arusha hufika Sakina, ambapo nyumba zina kuta ndefu na kila geti lina mlinzi wa usiku. Miongoni mwa walinzi hao wamo waliovaa magwanda ya jeshi miaka mingi. Tena mpaka baina ya dola na biashara hapa si mstari mmoja: Shirika la Uzalishaji Mali la JKT, lililoanzishwa 1981, nalo lina kampuni ya ulinzi inayouza huduma kwa mkataba. Mtu huyo si mamluki, wala si askari tena. Neno mlinzi linamtosha akiwa Sakina. Akiitwa kesho kwenda Baghdad kwa kazi ile ile na bunduki nzito zaidi, mwandishi atamwita nani? Wanasheria wametafuta njia kwa Hati ya Montreux ya 2008, nao wameridhika kuziita kazi hizo huduma, neno baridi lisilofaa kitu katika riwaya.

Hemedi aliandika akiwa karibu na moto, na hatarajiwi kupima mikataba ya Cairo. Mwandishi wa leo hana udhuru huo. Angeweza kuanza na jioni moja tu Sakina: mzee amekaa kwenye kigoda nje ya geti, barua ya mwajiri mpya iko mfukoni, imeandikwa kwa lugha asiyoisoma vizuri, na mkewe amekwisha kuuliza mara mbili ni nani atakayeleta maiti.