Muswada Mbele ya Msikilizaji

Mwezi wa Juni 1928 mkutano uliofanyika hapa Mombasa uliamua kuwa lahaja ya Unguja, wala si ya Mvita, yaani ya Mombasa yenyewe, ndiyo itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na Kamati ya Lugha iliyoanza tarehe 1 Januari 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, ilipewa miongoni mwa kazi zake kukagua lugha ya vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa na kuwajibu waandishi maswali yao. Faida ya ukaguzi huo siikanushi, maana tahajia moja ilihitajiwa. Lakini msomaji apimaye muswada kwa kanuni hujibu suala la kanuni tu. Namna maneno yalivyofahamika kwa msikilizaji, hilo hakuulizwa.

Kabla ya hapo palikuwa na njia nyingine katika mji huu huu, nami naiona aula. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata 1840, zilikuwa zingali vifuani mwa watu pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya kwa hati za Kiarabu. Naye mmisionari William Taylor, aliyezihamishia hati za Kilatini, hakuridhika na kunakili, bali alimwuliza Mwalimu maana ya neno na kisa cha shairi, akayaandika majibu kando ya tungo. Zaidi ya hayo alibuni alama za kutenga matamshi, kwani katika Kimvita paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamkwi sawa: huyu wa mwituni hutoka na pumzi, lile la nyumba halina. Tahajia sanifu haikuichukua tofauti hiyo. Ajuaye ni sikio. Diwani ya tungo hizo ilipotoka Johannesburg 1940 kwa uhariri wa William Hichens, Sikujua na Taylor walikuwa wamekwisha kufariki, na lau maswali yale hayakuulizwa wakati wake, mengi katika tungo zile yangalikuwa fumbo lisilofumbulika.

Mimi nilipotaka kuifuata njia hiyo ya kuuliza, nilikosea kwanza. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kibokoni muswada mzima wa hadithi yangu, nikamwambia, "Sheikh, nitazamie," na baada ya majuma matatu akanirejeshea, akasema, "Mashaallah, mwanangu, ni kizuri." Lawama haikuwa yake, kwa kuwa sikumwuliza kitu. Nikarudi na sura moja tu, nikamsomea barazani baada ya Alasiri, kisha nikamwomba anisimulie alichokisikia. Na kila masimulizi yake yalipoachana na makusudio yangu, nilitia alama kwa penseli pambizoni, bila ya kujitetea, ingawa ulimi uliniwasha. Alimdhania mpwa kuwa ni mtoto wa kaka, na msafara wa siku mbili akaufanya wa siku moja. Makosa yote mawili yalitoka kwangu, katika jumla nilizozipamba mno.

Kisha akanisimamisha mahali nisipopatilia shaka. Bibi wa hadithini alikuwa akimwelekeza mjukuu "njia" ya kwendea msikitini. "Bibi huyu kazaliwa wapi?" akauliza. Nikasema hapa hapa. Akanyoosha mkono upande wa barabara ya Ndia Kuu, asiongeze neno. Nilimrejeshea bibi ndia yake ya Kimvita, nikaiacha njia katika maelezo yangu mwenyewe, na Ijumaa iliyofuata nikamsomea mzee ukurasa ule tena.