Majina ya Ndege katika Mchezo wa Transport Tycoon: Uhalisi au Pambo?

Wapo wenzangu katika kurasa hizi wanaoshikilia kwamba uhalisi wa hadithi ni kutaja vitu kwa majina yake. Usiandike "lori", andika Leyland. Usiandike "saa", andika Seiko. Mimi nakubali nusu. Hiyo nusu ya pili nimeipatia mahali ambapo pengine mhariri atakunja uso: kwenye mchezo wa kompyuta.

Mchezo wenyewe ni Transport Tycoon, uliotungwa na Chris Sawyer wa Scotland na kutolewa na MicroProse mwaka 1994. Tangu mwaka 2004 wapenzi wake wameuandika upya kwa jina la OpenTTD, nao hutolewa bure, ndiyo maana hata sisi wenye kompyuta za mitumba tunaucheza. Unaanza na mkopo. Unajenga reli, barabara, viwanja vya ndege. Miaka inakwenda, na kila baada ya muda unapata habari kwamba kiwanda fulani kimetoa ndege mpya. Ugomvi wangu na wenzangu uko kwenye majina ya ndege hizo.

Huoni Boeing wala Airbus humo. Unaona Darwin 100, kisha 200, 300, mpaka 600. Unaona Airtaxi A21, A31, A33-1. Unaona Bakewell Luckett LB-8, LB-9, LB-10, halafu LB80 na LB-11. Asiyejua ndege atapita bila habari. Anayejua atacheka peke yake kama mwehu, maana kiwanda cha Douglas, kilichoungana na McDonnell mwaka 1967, ndicho kilichotupa DC-8, DC-9 na DC-10, kisha MD-80 na MD-11. Herufi zimevalishwa barakoa, namba zimeachwa uso wazi. Ni mtindo ule ule wa Shaaban Robert: nchi aliyoiandika aliiita Kusadikika, na msomaji hakuhitaji kuchorewa ramani.

Sasa wenzangu wanasema: huo ni uongo, mchezo wa kweli ungeandika DC-10-30. Ndiyo, lakini hebu tuulizane, hiyo 30 ni ya kazi gani?

Kwenye ndege halisi namba inayofuata kistari haikuwekwa ili ipendeze. DC-10-10 iliundwa hasa kwa safari za ndani ya Marekani. DC-10-30 ilipewa injini zenye nguvu zaidi, mafuta mengi zaidi ya kuvukia bahari, na kwa sababu ya uzito huo ikaongezewa mguu wa magurudumu katikati ya tumbo. Simama chini ya ndege uhesabu miguu, utajua kama ni 10 au 30 kabla hujasoma karatasi yoyote. Kwa hiyo namba ile ni ahadi: mimi nitafika mbali kuliko ndugu yangu. Katika mchezo wa Sawyer, ndege haina kikomo cha masafa. Ile ndogo kabisa ya mwanzo, ukiiagiza ivuke ramani nzima kona hadi kona, itajikokota lakini itafika. Ndege inajulikana kwa mwendo, idadi ya abiria, bei na gharama za mwaka, basi. Ungeandika 30 mahali hapo ungekuwa umeandika ahadi isiyo na mwenye kuilipa.

Hapa ndipo ninapomheshimu Sawyer. Majina yake hayadai zaidi ya kile mchezo unachoweza kutoa. Darwin 200 inafuata Darwin 100, nawe unasadiki kwamba ni mtu na mdogo wake. Lakini chukua zile nyongeza ambazo wapenzi wameutengenezea mchezo huu, zenye ndege za majina halisi. Ukikuta 200 na 200ER katika orodha moja, zote mbili zikifika popote, hiyo ER ni nini? Ni tai shingoni mwa mtu asiye na shati. OpenTTD ya siku hizi inamruhusu mtengeneza nyongeza kuweka kikomo cha masafa, na pale anapokiweka kwa haki, jina linaanza kufanya kazi. Unafungua njia mpya, ndege inakataa kwenda, unarudi dukani kutafuta yenye herufi mbili za ziada. Hapo umesoma jina kwa mfuko wako, na hutalisahau.

Jambo jingine ni mwinuko. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa jua injini hupata tabu. VC10 ya Waingereza ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo, vya joto na mwinuko, ndiyo maana ilikuwa na nguvu nyingi kuliko mahitaji ya safari ya London kwenda New York, na ndiyo maana ilikula mafuta. Katika mchezo, jenga kiwanja mlimani au ufukweni, ndege inaruka vilevile. VC10 ingekuwa mlafi tu asiye na sababu.

Mpaka hapo nimesema habari ya kazi. Lakini jina lina upande wa pili, ambao mchezo huu haujaugusa, nao ndio unaoniuma mimi kama mtu anayehangaika na riwaya. Ni ukoo.

Boeing walikuwa na desturi ya kumpa kila mteja msimbo wake. Pan Am walikuwa 21, Lufthansa 30, Kenya Airways U8. Air Tanzania walikuwa R8, kwa hiyo 737-200 zao ziliandikwa 737-2R8C, hiyo C ikimaanisha kwamba ndege inaweza kugeuzwa kutoka abiria kuwa ya mizigo. Sasa sikiliza utamu wake: ndege ikiuzwa, msimbo haubadiliki. Inaweza kupita mikono mitatu, minne, ikapakwa rangi za watu wa bara jingine, bado ni 2R8C. R8 haiongezi hata kilomita moja ya masafa. Inakwambia tu nani aliyeiagiza ikiwa mpya. Kwenye 787 desturi hiyo haikufuatwa tena, na kwangu mimi hiyo ni hasara, japo wahasibu wa Boeing hawataniuliza.

Vickers nao walikuwa na namba zao. Super VC10 za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki zilikuwa aina ya 1154, zenye mlango mkubwa wa mizigo, tofauti na 1151 za BOAC. Zilikuwa tano, moja ilipotea katika ajali ya Addis Ababa mwaka 1972. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani, zikaitwa VC10 K3, zikafanya kazi jeshini mpaka 2013. Mojawapo, iliyokuwa 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Jeshi liliiita ZA150. Ndege ile ile, mlango ule ule, jina jingine.

Katika riwaya ninayoandika yupo fundi wa shirika hilo. Yeye hasemi 1154 hata siku moja. Anasema "Super", kama mtu anavyomtaja mkewe bila kutaja jina. Lakini lazima mimi nijue kwamba ni 1154, maana bila mlango ule wa mizigo sura yangu ya nne haina pa kupitia.

Na mchezo? Transport Tycoon inakuruhusu kununua kampuni ya mpinzani aliyefilisika. Unabonyeza, unalipa, na ndege zake zote zinabadilika rangi papo hapo kuwa za kwako. Kimya. Hakuna msiba, hakuna alama. LB-9 aliyoinunua marehemu ikiwa mpya, akaizeesha, akaifia, sasa haina tofauti na LB-9 niliyoinunua mimi jana, ila umri. Sina haja ya Sawyer au warithi wake waniandikie DC-9-32. Wabaki na Bakewell Luckett yao, naipenda. Ila wangeongeza herufi mbili tu mwishoni, za yule aliyeiagiza kwanza, zisizofutika kwa rangi wala kwa mauzo, ili nikifungua orodha ya ndege zangu nione ni ngapi nilizozinunua mwenyewe na ni ngapi nilizozichukua kwa kampuni iliyokufa.