Hongera, Young Scientists Tanzania

Wanafunzi wetu wengi wameijua sayansi kama somo la kunakili ubaoni na kukariri kwa ajili ya mtihani. Young Scientists Tanzania, mpango wa maonesho ya sayansi ya wanafunzi ulioanzishwa mwaka 2011 na Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, uliamua kuanza na swali la mwanafunzi mwenyewe. Mfano ulitoka Ayalandi, ambako maonesho ya aina hiyo yalianza miaka ya 1960.

Kazi haianzii kwenye ukumbi wa maonesho Dar es Salaam. Inaanzia shuleni, ambako wanafunzi hufundishwa kuunda swali, kukusanya takwimu na kupima dhana yao. Mwalimu naye hujifunza: badala ya kutoa majibu, anauliza, "Umejuaje?" Kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika na maabara isiyo na vifaa, hilo si jambo dogo.

Siku ya maonesho, kijana wa sekondari husimama mbele ya bango lake na kuwaeleza majaji, hatua kwa hatua, alipima nini, mara ngapi na kwa nini. Swali lake huweza kutoka nyumbani kabisa: mdudu anayeharibu mahindi ghalani, maji ya kisima, moshi wa jikoni. Kubahatisha hakumsaidii, maana majaji watauliza tena.

Hongereni waanzilishi, na hongereni zaidi walimu mnaobaki na wanafunzi baada ya kengele ya mwisho. Wakuu wa shule, wapeni walimu hao nafasi. Wazazi, msiwanyamazishe watoto wanapouliza.